TAARIFA KWA WANANCHI: MPANGO WA MUZIKI NA BURUDANI KATIKA HARUSI ZA LUSHOTO

Aila kadhaa za Visiwani zina udugu wa ndoa na watu wa Mkoa wa Tanga, na si ajabu msafara wa harusi kutoka Unguja au Pemba kupanda hadi Lushoto, katika Milima ya Usambara, pamoja na kikundi chake cha taarab. Wananchi wanaotarajia safari ya namna hiyo wanaombwa kuzingatia maelezo haya, kwani mpango uliofaa katika ukumbi wa mjini Unguja huweza kuharibika huko mlimani.

Wanaovuka kwa kupitia Dar es Salaam hufuata barabara ya Chalinze, Segera na Korogwe hadi Mombo. Kutoka hapo gari hupanda kiasi cha kilomita 33 zenye kona nyingi, kupitia Soni, hadi mji wa Lushoto ulio kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Inafaa wanamuziki wafike siku moja kabla. Ala zao nazo zinahitaji muda huo, kwa kuwa nyuzi za ganuni na udi hubadilika sauti kwa baridi, na ngozi za ngoma hulegea kwa unyevu. Mpigaji anayeteremka garini na kupanda jukwaani papo hapo atawaweka wageni wakimsikiliza akikaza nyuzi.

Jambo lenye uzito zaidi ni utaratibu wa shughuli yenyewe. Wageni wengi wa upande wa wenyeji hutoka vijijini, na baadhi yao hurudi kwa miguu katika njia za mteremko. Miezi ya Juni hadi Agosti jioni huwa na baridi kali, na mzee hawezi kutazamiwa kukaa nje hadi usiku wa manane. Hata hivyo kamati za harusi huelekea kutanguliza taarab au muziki wa dansi, na kuiacha ngoma ya wenyeji mwishoni kana kwamba ni ya kujazia nafasi. Wasambaa wana ngoma yao ya mdumange, na wanaoifahamu vyema ni watu wazima. Zamu yake inapofika, wenyewe wamekwisha kuondoka, na wakwe huona kuwa wamealikwa kutazama sherehe ya watu wengine. Udhia wa aina hiyo hausahauliki upesi baina ya aila mbili. Basi ngoma ichezwe alasiri, uwanjani, jua lingalipo. Wachezaji wake nao wapatane malipo kama wanamuziki wengine, si kupewa soda na ahsante.

Taarab ifuate. Hapa pia ipo haja ya mashauriano. Sisi tumezoea taarab ya vikundi kama Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, ambapo watu huketi na kusikiliza. Mkoa wa Tanga ulikuwa na Black Star na Lucky Star, vikundi vilivyotia gitaa la umeme na mdundo mwepesi, na nyimbo zao zikaenea Afrika Mashariki. Mgeni wa Lushoto huenda akatarajia taarab ya kuchezeka; kiongozi wa kikundi aulizwe mapema iwapo anazo nyimbo hizo. Ada ya kumtunza mwimbaji ielezwe na mshereheshaji kwa maneno machache, na iandikwe katika mapatano ni nani atakayechukua fedha hizo.

Lushoto wako Waislamu na Wakristo wa madhehebu mbalimbali. Iwapo wakwe ni Wakristo, wataweza kuleta kwaya au bendi ya tarumbeta. Ipewe nafasi yake katika ratiba iliyoandikwa. Vipaza sauti vizimwe wakati wa adhana.

Jenereta ya akiba ikodiwe Lushoto au Mombo, na iwekwe mbali na waalikwa, nyuma ya jengo. Suala la kibali na saa ya kumaliza muziki lishughulikiwe huko huko, kwa ofisi ya kijiji au ya kata, na wenyeji wa bibi au bwana harusi ndio wanaostahiki kulipeleka. Mabonde ya huko hupeleka sauti mbali. Majirani, khasa wenye wagonjwa, waarifiwe siku mbili tatu kabla.