Je, Wajua? Taa za Ofisini Huamuliwa Mlangoni

Mfanyakazi wa ofisini aghalabu hugusa swichi ya taa anapoingia na anapoondoka, basi. Hilo lilibainika Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1970, mtafiti D. R. G. Hunt alipotumia kamera zinazopiga picha zenyewe kila baada ya muda kufuatilia taa za ofisi na madarasa.

Anayeingia asubuhi hutupa jicho chumbani. Kadiri sehemu iliyo mbali na dirisha inavyokuwa na giza, ndivyo uwezekano wa kuwasha unavyopanda. Akishawasha, imetoka hiyo. Jua la mchana liwake hata mapazia yafungwe, taa haziguswi. Katika chumba cha watu wengi huzimwa wote wanapotoka. Nani awazimie wenzake?

Macho nayo huchangia. Ofisi nyingi hulenga mwanga wa lux 500 mezani, ilhali meza ya dirishani yaweza kupata maradufu ya hapo kutoka nje. Macho huzoea, na taa ya dari humezwa na mwanga huo bila mtu kutambua kwamba bado inawaka.

Utafiti wa baadaye uliongeza jambo: kadiri mtu anavyotarajia kukaa nje muda mrefu, ndivyo anavyoelekea kuzima. Anayekwenda kuchukua chai huacha taa ikiwaka. Ndiyo maana baadhi ya wasanifu hupendelea mfumo ambao mtu huwasha mwenyewe, kisha kihisi humzimia.