Watu wa Hadithi na Maisha ya Msomaji

Msafiri atokaye Eldoret kwenda Kitale kwa barabara kuu hupita Soy, katikati ya mashamba ya mahindi na ngano. Njia hii twaizoea mno, hata hatudhani kwamba yaweza kuwa na uhusiano na mambo ya vitabuni. Lakini mwaka 1996 ilichapishwa riwaya iitwayo Siku Njema, iliyotungwa na Ken Walibora, na ndani yake yumo kijana aitwaye Kongowea Mswahili. Kijana huyo alikulia Tanga, akafiwa na mama yake aliyekuwa mwimbaji wa taarabu, akaonja mateso katika nyumba aliyoachwa, kisha akafunga safari kumtafuta baba asiyemjua. Safari hiyo ilimleta Kitale. Basi msomaji wa Soy huona kwamba jina alisikialo kila siku kituoni, likiitwa na makanga, laweza kuwa mwisho wa hadithi kubwa.

Yafaa tueleze kwa nini mtu wa kubuniwa, ambaye hakuzaliwa wala hatazikwa, aweza kuugeuza moyo wa mtu aliye hai.

Kwanza, jirani yetu twamwona uso na matendo, lakini mawazo yake hatuyajui. Mtu wa hadithi hutufungulia moyo wake, tukajua hofu yake na aibu yake. Pili, kila afikapo penye njia panda, msomaji hujiuliza: mimi ningefanyaje? Hivyo hujifunza kuamua kabla hajapatwa na jambo lenyewe. Tatu, siku jambo hilo limpatapo, hukumbuka kwamba yupo aliyemtangulia.

Si kila msomaji wa Kiswahili alijiona kitabuni tangu mwanzo. Mwaka 1929 zilichapishwa tafsiri za Kisiwa chenye Hazina na Mashimo ya Mfalme Sulemani. Hadithi hizo zilipendwa sana, na ni tamu kweli. Lakini mashujaa wake walikuwa wageni, na aliyefanana na msomaji mara nyingi ndiye aliyebeba mizigo.

Mambo yalibadilika waandishi wetu walipobuni watu wao. Mwaka 1951 Shaaban Robert, aliyekuwa amefanya kazi ya ukarani serikalini, alitoa Kusadikika. Humo Karama ashtakiwa kwa kufundisha sheria, naye ajitetea mbele ya mfalme kwa kueleza habari za wajumbe sita waliorudi na faida kwa nchi yao wakalipwa kifungo. Hana silaha ila maneno, na kwa maneno hayo ashinda. Mwaka 1960 Muhammed Said Abdulla wa Unguja alimleta Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale. Wengine wakiogopa mzimu, yeye hutafuta ushahidi. Aliyemsoma Bwana Msa hakubali upesi kila uvumi.

Kumpenda mtu wa hadithi si kumwiga kwa kila jambo. Katika Utengano ya Said Ahmed Mohamed, iliyotoka mwaka 1980, Maimuna afungiwa nyumbani na baba mkali, kisha atoroka na kuangukia maisha mabaya. Hatumsomi ili tufuate nyayo zake. Twamsoma ili msichana aione hatari, na mzazi aone kwamba kufuli peke yake halilei mtoto.

Hapa yatupasa kusema jambo la kutuhuzunisha. Siku Njema ilipata kuwa kitabu cha mtihani katika shule za sekondari za Kenya, na Utengano vilevile. Heshima hiyo ni kubwa, lakini ina hasara yake. Wapo wanafunzi waliosoma mwongozo tu, wakakariri sifa tano za Kongowea na maudhui sita, wakapata alama nzuri bila ya kumjua Kongowea mwenyewe. Mtihani ulipokwisha, kitabu kiliuzwa au kikawashiwa moto jikoni. Mtu wa namna hiyo amepata cheti, lakini amemkosa rafiki ambaye angemfaa siku ya taabu.

Basi wazazi wa Soy na kwingineko, msiviuze vitabu hivyo. Viwekeni nyumbani mahali pakavu, mbali na mchwa. Jioni, kazi ya shamba ikiisha, mtoto na asome kwa sauti, hata kama babu na bibi hawajui kusoma. Wao watajua kuhukumu kama Kongowea alitenda vema. Mbishane. Hadithi iliyobishaniwa haisahauliki.

Ken Walibora alifariki dunia mwaka 2020. Kongowea hakufa naye. Yupo bado, angojea mtoto wa leo afungue ukurasa wa kwanza ili waanze safari pamoja.