Deqa Dhalac: Diwani Aliyefika Bunge la Maine

Huku Maine, kona ya kaskazini-mashariki ya Marekani, kura inayomgusa mtu mapema kuliko zote ni ya diwani. Theluji ikianguka usiku, ni kanuni za jiji zinazokataza gari lako kulala barabarani ili mitambo ya kusafisha ipite. Takataka, maktaba, polisi, kodi ya majengo: yote huanzia barazani. Ndiyo maana jamaa zangu wa Dar es Salaam wakiniuliza ni mwanasiasa gani wa huku wamfuatilie, mimi humtaja Deqa Dhalac.

Dhalac alizaliwa Mogadishu. Vita vilimtoa Somalia, na mwaka 1992 akafika Marekani. Aliishi Atlanta, kisha mwaka 2005 akahamia Lewiston, mji wa Maine uliodhoofika baada ya viwanda vyake vya nguo kufungwa. Wasomali walianza kumiminika humo mwaka 2001, na mtaa wa Lisbon ukapata maduka mapya. Si wote waliofurahi. Mwaka 2002 meya wa wakati huo aliandika barua ya wazi akiwataka wazee wa Kisomali wawazuie wenzao wasije kwa wingi. Januari 2003 kikundi kidogo cha wabaguzi kikaitisha mkutano mjini. Siku hiyohiyo maelfu ya watu walijitokeza kuwatetea majirani zao. Mgeni njoo, mwenyeji apone: wapo waliolielewa hilo, na wapo waliolikataa.

Baadaye Dhalac alihamia South Portland, mji wa bandari wenye watu wapatao 26,000, akiwa mtaalamu wa ustawi wa jamii. Mwaka 2018 aligombea udiwani, akapita nyumba kwa nyumba kuomba kura, na akashinda. Alikuwa Mwislamu wa kwanza na mtu mweusi wa kwanza kuketi katika baraza lile.

Desemba 2021 madiwani wenzake walimchagua kwa kauli moja kuwa meya. Msomaji wa Tanzania hatapata shida kuuelewa utaratibu huu, kwani hata kwetu madiwani humchagua meya miongoni mwao. Tofauti iko kwa mtendaji mkuu. Kwetu mkurugenzi huteuliwa na Rais. South Portland, meneja wa jiji huajiriwa na baraza lenyewe, nalo linaweza kumwondoa. Meya huongoza vikao kwa mwaka mmoja, na kura yake ni moja tu kati ya saba.

Alishika kiti hicho wakati mgumu. Waomba hifadhi, wengi wao kutoka Kongo na Angola, walikuwa wakiingia eneo la jiji jirani la Portland kwa mamia, na hoteli kadhaa za South Portland ziligeuzwa makazi ya dharura. Sheria ya taifa haiwaruhusu watu hao kufanya kazi mara wanapofika, husubiri miezi. Kwa hiyo chakula na kodi hutegemea mfuko wa msaada unaosimamiwa na miji. Jimbo hurejesha asilimia 70 ya gharama, na asilimia 30 hubaki kwa mji. Baraza la mji linaweza kulalamikia mgawanyo huo usiku kucha. Kuubadilisha ni kazi ya bunge la jimbo, kule Augusta.

Novemba 2022 Dhalac alichaguliwa kuingia bunge hilo kwa tiketi ya chama cha Democratic. Yeye na Mana Abdi wa Lewiston ndio Wamarekani wa kwanza wenye asili ya Somalia kuingia humo. Baraza la Wawakilishi, aliloingia Dhalac, lina viti 151, na muhula ni miaka 2. Majimbo ya uchaguzi ni madogo kiasi kwamba mbunge hukutana na wapiga kura wake dukani.

Kinachonivutia zaidi ni namna miswada inavyosikilizwa. Mwananchi huingia chumba cha kamati akiwa na nakala za maelezo yake, humkabidhi karani, hutaja jina na mji wake, kisha huzungumza kwa dakika kama tatu. Wabunge humuuliza maswali papo hapo. Aliyewahi kuwa diwani huijua kazi hii vizuri, maana amekwisha kusikiliza watu wenye hasira wakilalamikia barabara, na kesho yake akakutana nao njiani.

Naamini hii ndiyo shule ya uongozi tunayoidharau kwetu. Tunaichukulia kura ya diwani kama nyongeza ya kura ya Rais na mbunge, kisha tunashangaa mbunge asipojua mtaro wa mtaa unazibuliwaje. Mgombea ubunge akija kwako, muulize: katani umefanya nini, na nani alikuona ukifanya? Asiye na jibu, mpeleke kwanza akagombee udiwani.