Umenyoa napia mpaka chini? Ng'ombe wako atalala njaa, msee

Likizo moja nilitumwa ushago Githunguri nimsaidie shosho kukatia ng'ombe nyasi. Mimi mtoto wa mtaa nikaona hiyo ni kazi ndogo. Nikanoa panga, nikafyeka mistari minne ya napia mpaka ikabaki kama kichwa kimetoka kwa kinyozi. Shosho alikuja, akaangalia, akanyamaza kwanza. Halafu: "Kijana, umekata ya leo na ya mwezi ujao. Huyu ng'ombe atakula nini?"

Nilidhani ni drama za wazee. Wiki tatu baadaye mistari yake ilikuwa inafika magotini. Yangu? Vichipukizi vya kuhesabu, na magugu yamejaa katikati.

Iko hivi. Jani ndilo jikoni ya nyasi, hapo ndipo jua hupika sukari. Sukari ikizidi, mmea unaiweka akiba kwa mizizi na kile kipande cha chini cha shina. Ukikata majani yote jikoni imefungwa, kwa hivyo nyasi inaishi na hiyo akiba mpaka itoe majani mapya. Na hapo hapo chini ndiko kuna macho ya kutoa machipukizi. Sasa wewe ukifyeka hadi mchanga, umebeba akiba na macho kwa mpigo mmoja. Rudia hivyo mara kadhaa na mizizi pia inapungua. Kiangazi kikifika, mmea hauna nguvu ya kufuata maji chini.

Kwa napia acha kisiki cha sentimita 5 hadi 10. Rula ya nini? Weka vidole vinne pamoja kando ya shina, uko sawa. Kata ya kwanza ngoja miezi 3 au 4 baada ya kupanda, halafu kila wiki 6 hadi 8 kama mvua iko, nyasi ikiwa haijapita mita moja.

Na usiruke upande ule mwingine ati uache kisiki cha magoti. Hicho chakula umekiacha shambani kigeuke kuni, na machipukizi yatatokea huko juu yakiwa membamba.

Kuna wale pia huiacha irefuke kuliko mtu ndio wapate mzigo mkubwa. Mzigo ni mkubwa kweli, lakini ni mashina. Protini iko kwa majani, na ng'ombe si mjinga, atachagua majani akuachie vijiti. Maziwa yakishuka utalaumu daktari bure.

Boma Rhodes ni mvumilivu kidogo juu hutambaa, lakini hata hiyo ukikata chini sana kwa mashine utafunga marobota ya vumbi. Ikate inapoanza kutoa maua.

Kitu kimoja usichanganye: napia ikirudi fupi, ya manjano, yenye vimachipukizi vingi vyembamba, hiyo inaweza kuwa ugonjwa wa kudumaa, si panga yako. Ng'oa shina lote, na usichukue mbegu hapo.

Ile mistari yangu shosho aliipalilia, akaiwekea samadi, akakataza mtu kuigusa mpaka ikafika kifuani. Katikati ya hiyo stori alikuwa ananunua nyasi kavu na pesa ya maziwa. Siku hizi nikishika panga, yeye huleta kiti.