Je, Wajua? Rupia Nzito Kuliko Almasi

Sogea hapa kwenye benchi, msomaji wangu wa Shinyanga na Geita, nawe wa Kahama unayesoma umesimama. Leo dhahabu tunaiweka kando. Tunazungumzia zile sarafu za fedha ambazo mtu huja nazo zimefungwa kwenye kitambaa, anainama na kukunong'oneza: "Hii ni ya Mjerumani." Unatoa hela au hutoi?

Je, wajua rupia moja ya Mjerumani inaishinda kwa uzito ile almasi ya pinki ya Mwadui? Naam! Almasi ile ilipatikana mwaka 1947 na binti mfalme Elizabeth wa Uingereza akapewa zawadi ya harusi. Kabla haijakatwa ilikuwa karati 54.5, yaani gramu 10.9. Rupia ilitoka kiwandani ikiwa na gramu 11.66.

Hiyo 11.66 ikariri, maana ndiyo silaha yako ya kwanza. Unajua imetoka wapi? Ni tola moja kamili! Wajerumani walipoanza kutoa rupia zao mwaka 1890 walifuata uzito wa rupia ya India, kwa sababu biashara ya pwani ilishaizoea.

Na mizani unayo tayari. Ile ile inayokupimia dhahabu mpaka pointi inatosha kabisa. Rupia iliyopita mikononi mwa watu miaka mingi inaweza kusoma 11.4 au 11.3, usishtuke, fedha hulika. Lakini ikisoma 12? Fedha hailiki kwa kunenepa, bwana. Mrudishie kitambaa chake.

Je, wajua glasi ya maji inaweza kumuumbua tapeli ambaye mizani peke yake imeshindwa kumkamata? Weka glasi yenye maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba, izamishe yote huku umeshika uzi, isiguse chini wala pembeni. Soma namba. Rupia halisi isiyolika inasoma kama 1.13! Sarafu ya uzito ule ule iliyotengenezwa kwa shaba na nikeli itasoma 1.3 na kidogo, ya risasi itashuka hadi 1.03. Dakika moja, na hujachubua kitu. Wale wenye haraka ya kudondoshea tindikali, tafadhali! Doa la tindikali kwenye sarafu ya miaka 120 halitoki.

Sumaku je? Ikidaka, hadithi imeisha, hiyo si fedha. Isipodaka, bado hujui chochote, maana shaba na risasi nazo hazidakwi. Wengi hujaribu sumaku, wakaridhika, wakalipa. Usiwe wewe.

Je, wajua fedha hupitisha joto kuliko hata shaba na dhahabu? Weka kipande cha barafu juu ya sarafu ya fedha uone kinavyoyeyuka mbiombio, kana kwamba kuna moto chini. Watoto wataomba urudie.

Sasa hii ni ya kwenu kabisa, watu wa mialoni. Zebaki mnayokamatia dhahabu hukamata na fedha pia! Mchimbaji aliyetoka kukamua zebaki akishika rupia safi kwa vidole vile vile anaweza kuiachia doa. Na kinyume chake ni hatari zaidi: sarafu ya shaba ikisuguliwa zebaki hugeuka nyeupe, inang'aa kuliko fedha yenyewe. Ukiletewa "fedha" inayometa kupita kiasi na kuteleza vidoleni, itilie shaka. Usiipashe moto kujaribu, mvuke wa zebaki ni sumu.

Haya, tuseme ni fedha kweli. Je, wajua kwamba fedha yote iliyomo kwenye rupia moja, gramu 10.7 hivi, thamani yake haifiki nusu gramu ya dhahabu? Umeguna? Guna tu. Ndiyo maana mwenye akili hanunui rupia kwa ajili ya madini. Ananunua hali yake: imelika kiasi gani, imeguswa na nani, imefanywa nini.

Na hali hiyo inasomeka usoni. Kaizari Wilhelm II kwenye rupia amevaa kofia ya chuma yenye tai juu yake. Chukua lenzi ya sonara, mwangalie tai kwanza, halafu masharubu ya Kaizari, halafu mapambo ya kifuani. Sehemu zilizoinuka ndizo hulika mwanzo! Manyoya ya tai yakihesabika, umeshika kitu. Tai akiwa amebaki uvimbe tu, hiyo imelipa kodi nyingi.

Sitanii kuhusu kodi. Ile kodi ya nyumba iliyoanza mwaka 1898 ilikuwa rupia 3 kwa nyumba ya kijijini. Fikiria mikono mingapi imeshika hiyo uliyoshika wewe.

Je, wajua ukiinamisha sarafu ambayo haijatumika chini ya taa moja, mwanga huzunguka juu yake kama spoku za baiskeli? Mng'ao huo huzaliwa siku ya kugongwa kiwandani, metali inaposukumwa kutoka katikati kwenda ukingoni. Ukisuguliwa ukapotea, hakuna sonara Geita wala Dubai anayeweza kuurudisha!

Kwa hiyo nani adui mkubwa wa sarafu ya zamani? Si kutu. Ni stilwaya! Ni majivu, ni limau na dawa ya meno. Muuzaji anakesha akisugua ili ikupendeze, kumbe anaipunguzia bei kwa mkono wake mwenyewe. Ule weusi wa fedha hutokana na salfa iliyomo hewani, na wakusanyaji wengi wanaupenda, kwa sababu unaonyesha sarafu haijachezewa. Elekeza lenzi kwenye eneo tupu karibu na uso wa Kaizari. Ukiona mikwaruzo midogo iliyolala upande mmoja, sambamba, hiyo imesuguliwa, hata kama imeshaanza kuwa nyeusi tena.

Na picha za WhatsApp? Hazionyeshi mikwaruzo. Ndiyo maana hutumwa jioni.

Geuza sarafu, tazama ukingo. Je, wajua vile vimeno vya ukingoni viliwekwa kuzuia wezi? Zamani watu walikata ukingo wa sarafu ya fedha kidogo kidogo, wakauza vipande, halafu wakaitumia sarafu kama kawaida. Huko London, Isaac Newton, ndiyo, yule yule wa tufaha, alipewa kazi kwenye kiwanda cha sarafu mwaka 1696 na akawaandama wakataji na watengenezaji bandia hadi kunyongwani.

Ukingo unafichua mambo mawili zaidi. Mstari unaozunguka katikati ya ukingo maana yake sarafu imemiminwa kwenye kalibu mbili zikaunganishwa, na rupia halisi hazikumiminwa, ziligongwa. Vitundu vidogo vya hewa usoni, kama vya povu, vinatoa ushahidi ule ule. La pili: tafuta alama ya kuchomelewa juu ya kichwa cha Kaizari. Rupia nyingi zilitiwa kikuku zikavaliwa shingoni, kisha kikuku kikabanduliwa na kidonda kikapakwa kitu. Iliyotobolewa nayo ni hivyo hivyo: kipambo kizuri, bei ya chini.

Ipige! Iweke kwenye ncha ya kidole, iguse taratibu na sarafu nyingine. Fedha huimba, sauti nyembamba inayokaa sikioni. Risasi hujibu "pu!" na kunyamaza. Yenye ufa uliofichika nayo hunyamaza mapema.

Je, wajua kuna rupia zilizogongwa miaka miwili tu? Ni ile ya rupia 2, sarafu kubwa ya zaidi ya gramu 23, ya mwaka 1893 na 1894 basi. Sasa ukiletewa tatu kwa mpigo, zote zimefanana mpaka mkwaruzo mmoja ule ule mahali pale pale, unadhani zimetoka wapi? Mkwaruzo haurithiwi na ndugu watatu.

Na ile ya simba? Hapa wengi huumia. Shilingi ya Afrika Mashariki yenye simba na milima, ya mwaka 1921 hadi 1946, ina fedha robo tu! Robo tatu ni metali nyingine. Kuanzia 1948 fedha ikaondolewa kabisa, na simba akabaki yule yule, anatembea vile vile. Soma mwaka kabla hujasoma bei.

Hapo hapo kuna jambo linalonichoma kila nikilifikiria. Waingereza walipoleta shilingi, rupia 1 ilihesabiwa sawa na shilingi 2. Rupia ya Mjerumani ilikuwa na gramu 10.7 za fedha, shilingi 2 mpya zina gramu 3.9 kwa jumla. Fanya hesabu mwenyewe. Bibi aliyezichimbia rupia zake chini ya kinu akakataa kuzibadili alikuwa mchumi kuliko maofisa wote!

Je, wajua kuna sarafu ambayo mwaka wake haukuambii chochote? Reale ya Maria Theresa, iliyotawala soko la Zanzibar na njia za misafara karne ya 19. Zote zimeandikwa 1780, mwaka aliofariki malkia huyo wa Austria, na zikaendelea kugongwa Vienna, Rome, London, Bombay, mamia ya mamilioni, mpaka enzi za babu zetu na baadaye. Halisi ina gramu 28.07, fedha sehemu 833 kwa 1,000. Kwenye glasi ya maji inasoma 2.75 hivi. Muuzaji akikwambia "hii ina miaka zaidi ya 200, tazama tarehe", cheka kwa adabu.

Ukitaka uzee wa kweli, nenda Pemba. Pale Mtambwe Mkuu, mwaka 1984, wachimbuaji wa mambo ya kale walikuta zaidi ya sarafu 2,000 za fedha, vijidogo mno, zenye majina ya watawala wa hapa hapa pwani! Zilifukiwa pamoja na dinari za dhahabu za karne ya 11. Za namna hiyo ukizikuta shambani, usimwite dalali. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863.

Rupia inayovuta mchele? Rupia yenye zebaki ndani inayonunuliwa kwa mamilioni na tajiri asiyeonekana? Fedha haivuti mchele, haivuti hata sindano. Na ndani ya rupia hamna chumba, ni fedha na shaba kidogo mpaka katikati. Tusijione wajinga peke yetu, lakini: mwaka 2009 huko Saudi Arabia uvumi ulienea kwamba cherehani kuukuu za Singer zina zebaki nyekundu, na watu wakazigombania kwa maelfu ya riali!

Jirani zetu wa Tabora wana yao. Mwaka 1916, vita imebana na meli za Ujerumani hazifiki, karakana ya reli ya Tabora iligeuzwa kiwanda cha sarafu. Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke, kule Iramba. Zikatoka sarafu za rupia 15, tembo mbele ya mlima, vipande 16,198 tu, gramu 7.17 kila kimoja, na herufi T ya Tabora. Bandia zake zimezagaa duniani kote, na uzuri ni kwamba mtu wa Geita ndiye wa mwisho kudanganywa: hiyo ni karati 18, mashine ya soko la madini inaisoma papo hapo.

Halafu kuna wale Wamarekani wanaoipa kila sarafu alama kati ya 1 na 70. Je, wajua mpango huo ulibuniwa na mwanasaikolojia? William Sheldon, mwaka 1949, kwa senti kubwa za shaba za kwao. Wazo lake lilikuwa jepesi: yenye alama 70 iwe na bei mara 70 ya yenye alama 1. Bei zilikimbia zikaiacha hesabu yake nyuma, ila namba zikabaki. Na baada ya kufa kwake ikagundulika kwamba bwana huyu mwenyewe alikuwa akichukua senti safi kwenye hazina ya Jumuiya ya Sarafu ya Marekani, New York, na kuacha zake zilizochoka mahali pake. Zaidi ya 100! Hali ya kila sarafu aliijua vizuri mno.