Kangaja: Samaki Mwenye Kisu Mkiani

Mvuvi mmoja alifika kliniki siku ya sita baada ya kukatwa. Alikuwa akimtoa samaki wavuni. Samaki akapinda mwili mara moja tu, na kidole cha shahada kikapasuka. Jeraha lilikuwa fupi, hivyo akalifunga kitambaa na kuendelea na kazi. Alipotufikia, kidole kilikuwa kimevimba na hakikunjiki: kano ilikuwa imekatika, na usaha umeingia.

Samaki huyo ni kangaja, wa jamii ya Acanthuridae yenye spishi zaidi ya 80. Jina la kisayansi la jenasi yake kubwa, Acanthurus, linatokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya mwiba na mkia. Katika miamba ya matumbawe ya Bahari ya Hindi, ikiwemo pwani yetu, yupo kangaja wa buluu, Acanthurus leucosternon, mwenye uso mweusi, koo jeupe na pezi la mgongoni la manjano.

Silaha na maisha yake

Kila upande wa shina la mkia kuna mwiba mkali kama kisu cha upasuaji. Kwa kangaja wengi mwiba huo hulala ndani ya mfuo, ncha ikielekea mbele, na hufunguka samaki anapopinda mkia. Kwa ndugu yake, puju, visu havikunjwi. Husimama wazi daima. Baadhi ya spishi zina sumu katika miiba, na maumivu yake huzidi ukubwa wa jeraha.

Kisu hicho si cha kuwindia. Kangaja wengi hula mwani, na hukitumia kujikinga na kulinda malisho yao. Kwa kuukwangua mwani mwambani huacha nafasi kwa matumbawe machanga kujishikiza. Wakivuliwa kupita kiasi, mwani unaweza kuufunika mwamba, na mazalio ya samaki wengine yakadhoofika.

Mayai yake huelea baharini, na viluwiluwi wanaoanguliwa huwa angavu kama kioo. Baada ya majuma kadhaa hurejea mwambani, ambapo utumbo wao hurefuka ili kumudu chakula cha mimea. Katika utumbo wa baadhi ya kangaja huishi bakteria aitwaye Epulopiscium, anayeweza kuzidi nusu milimita na kuonekana kwa macho. Mwaka 1993 ndipo ilipothibitishwa kwamba kiumbe huyo ni bakteria kweli. Baadhi ya kangaja huishi zaidi ya miaka 30.

Ukikatwa, fanya hivi

Kandamiza jeraha kwa kitambaa safi hadi damu ikome, kisha lioshe kwa maji safi mengi na sabuni. Maumivu yakiwa makali, tumbukiza kiungo katika maji ya moto yasiyozidi nyuzi joto 45 kwa dakika 30 hadi 90, ukiyapima kwanza kwa mkono usioumia. Usipake mafuta ya taa, tumbaku wala majivu, na usinyonye jeraha.

Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo iwapo jeraha ni la kina, liko kwenye kiungo cha kidole, kidole kimekufa ganzi au hakikunjiki. Mwenye kisukari au ugonjwa wa ini asisubiri hata kidogo, kwani bakteria wa baharini Vibrio vulnificus anaweza kumwua kwa muda mfupi.

Kwa mhudumu wa afya: jaribu kila kano na hisia za kidole kabla ya kutia ganzi. Tafuta kipande cha mwiba, kwa eksirei inapowezekana. Osha kwa wingi, hakiki chanjo ya pepopunda, na usiharakishe kushona jeraha la kina lililochafuka. Uvimbe usiopona baada ya majuma kadhaa ukuelekeze kufikiria Mycobacterium marinum. Muulize mgonjwa kazi yake.

Mvuvi wetu alifanyiwa upasuaji na usaha ukaisha, lakini kidole chake hakikunjiki kikamilifu hadi leo. Angekuja siku ya kwanza, kano ingeweza kuunganishwa kabla jeraha halijaoza. Jeraha la kangaja lipimwe kwa kina chake, si kwa urefu wake.