Urithi wa Nani? Walpola Rahula na Hoja ya Mtawa Msomi

Likitajwa neno mtawa wa Kibudha, wengi wetu tunaona picha ile ile: kichwa kilichonyolewa, shuka la rangi ya chungwa, mtu amekaa kimya chini ya mti, hana habari na bei ya mchele wala uchaguzi. Makala hii inamhusu mtawa aliyeipinga picha hiyo kwa kalamu, tena ndani ya nchi yake mwenyewe. Ni Walpola Rahula, aliyezaliwa kusini mwa Sri Lanka (wakati huo Ceylon) mwaka 1907 na kufariki mwaka 1997. Alikuwa mwalimu, mwanahistoria na mkuu wa chuo kikuu. Hapa tutamtazama zaidi kama mwandishi, kwani kitabu chake kimoja kinatufundisha jambo kuhusu ule msemo wetu kwamba msomi lazima awe upande wa umma.

Kwanza mazingira. Mwaka 1946 Ceylon ilikuwa bado koloni la Mwingereza, ingawa uhuru ulikwishaanza kunukia na ulipatikana mwaka 1948. Elimu ya bure ilikuwa ndiyo kwanza imepitishwa, mwaka 1945, chini ya waziri C.W.W. Kannangara. Watawa wa chuo cha Vidyalankara, karibu na Colombo, walikuwa miongoni mwa walioiunga mkono. Wakubwa wa siasa, D.S. Senanayake akiwamo, hawakupendezwa: mtawa na siasa wapi na wapi? Februari 1946 Vidyalankara ikatoa tamko kwamba mtawa ana haki ya kushiriki shughuli za umma. Mwaka huo huo Rahula akatoa kitabu kwa lugha ya Kisinhala, Bhiksuvage Urumaya, yaani Urithi wa Mtawa.

Hoja ya kitabu ni ya kihistoria. Rahula anaanza na Buddha mwenyewe, aliyewatuma wanafunzi wake wa mwanzo waende huku na huko kwa manufaa ya watu wengi. Kisha anapita karne baada ya karne akionyesha kwamba mtawa wa kisiwa hicho alikuwa mwalimu wa kijiji, mshauri wa mfalme, mtunza vitabu. Anakumbusha mjadala wa kale, uliozuka baada ya njaa kubwa ya karne ya kwanza kabla ya Kristo: msingi wa dini ni elimu au ni matendo ya utawa? Walioshinda ni wale waliosema elimu. Basi, anauliza, huyu mtawa wa kuitwa kwenye mazishi na sadaka tu katoka wapi? Jibu lake ni kwamba ametengenezwa na ukoloni. Mreno, Mholanzi na Mwingereza walimnyang'anya shule, na shule ilipokwenda, nafasi yake katika jamii ikaenda nayo.

Hapa ndipo fani inapobeba maudhui. Angeweza kusema watawa wanataka haki mpya, naye angeonekana mzushi. Amechagua neno urithi. Anayedai urithi haombi kitu kigeni, anadai cha babake. Kwa neno hilo moja mambo yanageuka: mtawa anayehutubia mkutano wa wafanyakazi ndiye mhafidhina, na bwana mkubwa anayemwambia arudi hekaluni ndiye aliyeleta mageni. Ukisoma kitabu bila kulitazama neno hilo, utaona orodha ya wafalme tu.

Lakini kila urithi una warithi, na penye warithi kuna wasiorithi. Miongoni mwa ushahidi wa Rahula kuna kisa cha mfalme Dutugemunu aliyempiga mfalme Mtamili, Elara, huku watawa wakiandamana na jeshi. Mahavamsa, tarihi ya kale ya watawa wa kisiwa hicho, inasimulia kwamba baadaye mfalme alijuta kwa damu iliyomwagika, na watawa wakamtuliza kwamba waliouawa waliostahili kuhesabiwa watu walikuwa mmoja na nusu tu, kwa sababu waliobaki hawakuwa waumini. Rahula anakitumia kisa hiki kuonyesha jinsi dini na uzalendo vilivyoungana. Haya, Mtamili akisoma ukurasa huo, urithi huu ni wake pia?

Mwaka 1959, akiwa Paris, Rahula alitoa kitabu cha pili, safari hii kwa Kiingereza: What the Buddha Taught. Kinasomwa vyuoni duniani kote mpaka leo. Sauti imebadilika kabisa, imetulia, inaeleza mateso, nafsi na huruma. Humo anadai kwamba dini ya Kibudha haikumwaga hata tone la damu katika kuenezwa kwake. Mwandishi ni yule yule aliyemleta Dutugemunu shahidi! Mimi sioni kwamba ni unafiki. Hadhira ndiyo imebadilika: wa kwanza alikuwa Msinhala anayetafuta nguvu ya kusimama, wa pili ni mgeni anayetafuta amani. Mwaka huo huo wa 1959, waziri mkuu Bandaranaike aliuawa kwa risasi, na aliyefyatua alikuwa mtawa.

Rahula aliendelea na elimu. Mwaka 1964 alikwenda kufundisha Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, na kati ya 1966 na 1969 alikiongoza Chuo Kikuu cha Vidyodaya nyumbani. Nchi nayo ikaendelea na njia yake, ikaingia vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1983 hadi 2009. Mwaka 2004 chama cha Jathika Hela Urumaya kilipata viti tisa bungeni, vyote vya watawa. Tazameni neno la mwisho la jina hilo: urumaya, urithi. H.L. Seneviratne, katika The Work of Kings (1999), anakilaumu kitabu cha 1946 kwa kuwafungulia watawa mlango wa siasa za ukabila.

Tumtupie Rahula lawama zote? Hapana. Wanasiasa wasio watawa ndio waliopitisha sheria ya 1956 iliyofanya Kisinhala lugha pekee ya serikali. Naye alipodai nafasi ya msomi kando ya maskini, alidai jambo la haki. Ila nasi tunaohakiki tusitosheke kuandika kwenye mtihani kwamba mwandishi fulani anatetea umma, tukapewa alama zetu tukaondoka. Buddha, kwa maelezo ya Rahula mwenyewe, alisema watu wengi, hakutaja kabila. Kati ya "watu wengi" na "warithi" kuna shimo, na vitabu vizuri vimetumbukia humo. Tukisoma kazi yoyote inayosema kwa niaba ya umma, tuiulize umma upi, na nani kaachwa nje ya mlango.